Kukatika si Kazi, Kazi ni Kurudi

Linux ya Red Hat ya miaka ya mwisho ya 1990 ilikuja na faili liitwalo /etc/inittab, na ndani yake mlikuwa na mistari miwili ambayo mafundi wengi waliipita bila kuisoma. Wa kwanza uliiambia kompyuta hivi: UPS, lile sanduku la betri, ikikupa habari kwamba umeme umekatika, ngoja dakika mbili, kisha jizime. Wa pili ulisema: umeme ukirudi kabla ya dakika hizo kwisha, futa amri ya kuzima na uendelee na kazi. Basi. Aliyeiandika aliuona umeme kama mtu aliyetoka ukumbini mara moja kupokea simu. Akichelewa kidogo, taa zizimwe, na akirudi mapema kikao kiendelee.

Nimeshughulika na seva Unguja tangu enzi za modemu zilizokuwa zikilia kabla ya kuunganisha, kwa hiyo historia hii nimeiona kwa upande wa chini ya meza, kwenye waya na vumbi. Na ninalotaka kulisema ni kwamba programu za kuchunga UPS ziliandikwa na watu waliohofia umeme kukatika. Sisi kukatika tulishakuzoea. Kilichotuumiza ni kurudi kwake, na kila tulipochagua programu hii tukaacha ile, ukilichimba chaguo lenyewe utakuta swali la kurudi limekaa chini kabisa.

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. (Televisheni ni kisa kingine: Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi katika miaka hiyohiyo ya 1970, na ndugu zetu wa Bara walikuwa wakituonea wivu.) Njia zilipofunguka, na mashine zikaanza kuingia maofisini kwa wingi katika miaka ya 1990, zilikuta mgao wa umeme umeshazitangulia. Mgao wa 1992, wa 1994, wa 1997: mvua zikiwa haba, bwawa la Mtera likishuka, mitambo ya Kidatu ikikosa maji. Na Unguja hatukuwa na bwawa letu. Tangu 1980 umeme wetu ulitoka Bara, ukipita kwenye waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba, na kutoka Fumba hadi kituo cha Mtoni. Uwezo wa waya ule ulikuwa megawati 45. Mto Ruaha ukikauka kule, feni ilisimama Malindi yetu ya Unguja.

UPS za mwanzo tulizozipata zilikuwa masanduku mazito yasiyo na neno. Ndani mna betri ya risasi ya volti 12, mna chaja, mna mtambo wa kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Umeme ukikatika linapiga mlio, nawe unajua una dakika chache za kuhifadhi kazi yako. Kwa karani aliyekaa mbele ya kompyuta, mlio unatosha. Seva haina mtu mbele yake. Imefungiwa chumbani, na saa nane ya usiku aliyepo karibu ni mlinzi, naye yuko getini.

Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa dogo: sanduku limwambieje Linux? Jibu la kwanza lilikuwa dogo vilevile. Miquel van Smoorenburg, aliyeandika programu ya init iliyokuwa ikiwasha na kuzima karibu Linux zote za zama zile, aliweka pamoja nayo programu fupi iitwayo powerd. Kazi yake ilikuwa kuangalia mguu mmoja tu wa tundu la siriali. Mguu ukibadilika hali, powerd inaandika herufi moja katika faili la /etc/powerstatus, kisha inampigia init ishara ya SIGPWR. Init anasoma herufi, anajua umeme umekwenda au umerudi, na anatekeleza ile mistari miwili niliyoanza nayo. Hapana asilimia ya betri, hapana volti, hapana dakika zilizobaki. Upo au haupo.

Mwongozo wetu ulikuwa UPS-HOWTO wa Harvey J. Stein, uliokuwa ukisambaa pamoja na CD za Linux. Ukiusoma leo unaona ni kitabu cha fundi chuma zaidi kuliko cha fundi kompyuta: michoro ya miguu tisa ya plagi, mguu gani uende wapi, wapi uweke rezista. Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa, kwenye risasi ya kuchomelea, na si kwenye skrini.

Waya ndio uliotupa adabu. UPS za kampuni ya APC, zilizokuwa zimeenea kuliko nyingine katika ofisi zilizofadhiliwa, zilikuwa na tundu la siriali lenye umbo la kawaida kabisa, plagi ya miguu tisa kama ya kipanya cha zamani. Lakini mpangilio wa ndani haukuwa wa kawaida. Ukichomeka waya wa siriali wa dukani, UPS ilielewa kwamba umeiamuru izime, na ikazima pale pale pamoja na kila kilichochomekwa ndani yake. Mafundi wengi duniani wamelijua hilo kwa namna moja: chumba kimekuwa kimya ghafla. Waya sahihi ulikuwa na namba yake, 940-0024C, na kwetu ulikuwa haupatikani. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio Darajani alitutengenezea. Nilimpelekea mchoro na plagi mbili, akaugeuza mchoro, akaugeuza tena, akasema, “Kijana, huu si waya, hii ni kufuli.” Akauchomelea kwa nafasi, akipima kila mguu kwa mita na kuita namba kwa sauti, nami nikizikagua kwenye karatasi. Waya ule ulifanya kazi kwa miaka, na ulipoachwa kutumika uliachwa kwa sababu tundu la siriali lenyewe lilikuwa limetoweka kwenye kompyuta mpya.

Ukishakuwa na waya huo, sanduku lilikuwa na mengi ya kusema. Smart-UPS ya APC huzungumza kwa mwendo wa 2400, herufi moja moja. Unatuma Y kubwa, inajibu SM, maana yake nimekusikia. Unatuma f, inakupa asilimia ya betri. L, volti za ukutani. j, dakika zilizobaki. Na umeme ukikatika haingoji kuulizwa: inatoa alama ya mshangao yenyewe. Ukirudi, inatoa alama ya dola. Mtu anaweza kukaa na programu ya modemu kama minicom akazungumza na UPS kwa mkono, na mimi niliwahi kumfundisha kijana kazi kwa njia hiyo tu, kwa kumwambia akae aandike herufi na atazame majibu mpaka aone si uchawi.

Juu ya herufi hizo ndipo zilipojengwa programu mbili ambazo tumekuwa tukichagua baina yao tangu wakati huo. Moja ni apcupsd, iliyoanzishwa na Andre Hedrick, mtu aliyejulikana zaidi kwa kazi yake ya kuifanya Linux ielewane na diski za IDE. Baadaye ikashikwa na kina Riccardo Facchetti, Adam Kropelin na Kern Sibbald, huyo wa mwisho ndiye baba wa Bacula, programu ya kuhifadhi nakala. Nyingine ni ya Russell Kroll. Alianza 1996 kwa hila nyepesi: programu ya APC yenyewe iliandika hali ya umeme katika faili la kumbukumbu, naye akawa analisoma faili hilo kila baada ya muda na kuyaweka majibu pahala ambapo wengine wangeweza kuyaona kwa mtandao. Kisha akajifunza herufi zenyewe. Toleo la kwanza la wazi alilitoa Machi 1998 kwa jina la smartups-tools. Septemba 1999 akalibadilisha jina likawa Network UPS Tools, au NUT, kwa sababu kwa wakati huo lilikuwa limeshaanza kuelewana na masanduku yasiyo ya APC.

Watu huniuliza ipi bora. Mimi huuliza UPS yenyewe ni ipi, na nani aliyeileta. Maana kwa kweli ofisi zetu hazikuwa zikichagua programu. Mfadhili ndiye aliyechagua, siku alipochagua sanduku. Mradi ukija na APC, tuliweka apcupsd, na mpaka leo sijaona sababu ya kumwambia mtu mwenye seva moja na APC moja afanye vingine. Faili moja la mipangilio, majina yanayojieleza: BATTERYLEVEL 5, MINUTES 3, TIMEOUT 0. Kimojawapo kikifika kwanza, seva inajizima. Asubuhi unafungua apcupsd.events unasoma yaliyotokea usiku.

Mradi ulipokwisha na fedha za mradi zikaisha nao, ofisi ilinunua UPS yake mwenyewe, na ofisi haikununua APC. Ilinunua sanduku la bei nafuu kutoka Dar, lenye jina ambalo mwaka uliofuata lilikuwa limebadilika lakini sanduku likabaki lile lile. Haya masanduku ya bei nafuu, ambayo watu wa mjini huyadharau, ndiyo yaliyoipa NUT heshima yake kwangu. Kwa nje yana majina mengi, kwa ndani mengi yao yanazungumza itifaki moja, inayotokana na kampuni ya Megatec. Unatuma Q1 na kubonyeza Enter. Linakujibu mstari mmoja unaoanza na mabano: volti za ukutani, volti zilizokuwapo hitilafu ilipotokea, volti zinazotoka, asilimia ya mzigo, masafa, volti za betri, joto, na mwisho tarakimu nane za sifuri na moja. Ya kwanza katika hizo nane ikiwa moja, umeme umekatika. Ya pili ikiwa moja, betri inakwisha.

Utaona katika mstari ule hamna asilimia ya betri. Sanduku la bei nafuu halijui limebakiwa na kiasi gani. Linajua volti tu. NUT ilikisia kwa kuangalia volti zimeshuka wapi baina ya betri iliyojaa na betri iliyokwisha, na makisio hayo kwa betri ya Unguja yalikuwa ni ndoto. Betri ya risasi haipendi joto. Chumba cha seva kisicho na kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi nacho hakina umeme, hufika nyuzi ambazo betri iliyoandikiwa miaka mitano hufa ndani ya miwili, na inapokufa hufura ubavuni mpaka haitoki sandukuni ila kwa bisibisi. Betri ya namna hiyo huonyesha volti nzuri mpaka umeme ukatike. Kisha huporomoka kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana kwa masanduku haya sikuamini kiwango cha betri hata siku moja. Nilitumia upssched, chombo kidogo cha NUT kinachopanga saa: umeme ukikatika anza kuhesabu, dakika nne zikipita zima, betri iseme itakavyosema.

Kuiweka NUT wakati ule ilikuwa ni kazi ya mikono. Faili lilikuja kwa modemu au kwa CD; ./configure, make, make install, na katikati ya make umeme unakatika, jambo ambalo lilikuwa na ucheshi wake. Kisha mafaili yake: ups.conf kwa ajili ya kiendeshi, upsd.conf na upsd.users kwa ajili ya anayegawa habari, upsmon.conf kwa ajili ya anayechukua hatua. Wageni hulalamikia wingi huo. Mimi nauona ni uamuzi wa mtu aliyefikiri sana. Kroll aliikata kazi vipande vitatu ili kipande kinachozungumza na tundu kisiwe na mamlaka ya kuzima mashine, na kinachosikiliza mtandao kisiwe na mamlaka hayo pia. Hata upsmon yenyewe hujigawa mara mbili: sehemu moja isiyo na mamlaka huzungumza na mtandao, sehemu nyingine ya root, mwenye mamlaka yote, hukaa kimya ikingoja neno moja tu. Tatizo lililotukwamisha mara nyingi zaidi lilikuwa la hapo: kiendeshi kinaendeshwa kwa mtumiaji wa kawaida, na /dev/ttyS0 ni mali ya root. Ukikabidhi tundu kwa mwenyewe, kila kitu kinaamka.

Sasa tufike kwenye kurudi.

Hesabu hatua kwa hatua. Umeme umekatika, betri inakwisha, seva imeanza kujizima. Imefunga mafaili, imefunga diski, imesimama. Sekunde kumi baadaye umeme unarudi. UPS ilikuwa bado na chembe ya betri, haikuzimika. Kwa seva, basi, umeme haukuondoka hata dakika moja, na hata kama umeipanga ijiwashe umeme unaporudi, haina cha kuijulisha kwamba umerudi. Itakaa hivyo imelala, na umeme tele ukutani, mpaka mtu aje abonyeze kitufe. Ukiwa Pemba na seva iko Unguja, mtu huyo ni meli ya kesho.

Zote mbili, apcupsd na NUT, zililijibu hilo kwa njia moja. Kabla ya kuzima, programu inaacha alama, katika NUT ni faili liitwalo killpower. Mwishoni kabisa mwa kuzima, diski zikishafungwa, hati ya mfumo inatazama: alama ipo? Kama ipo, inaiamuru UPS ikate umeme wake yenyewe baada ya muda mfupi, hata kama wa ukutani umesharudi, kisha iurudishe. Seva inakufa kabisa ili iweze kufufuka. Katika yote niliyoyaona kwenye programu hizi, hilo ndilo lililonivutia kuliko yote, kwa sababu ni pahala pekee ambapo mwandishi aliacha kuwaza kukatika na akauwaza umeme unaorudi.

Lakini hakuuwaza umeme wa kwetu.

Mwaka 2006 Bara iliingia katika mgao mkubwa, na mkataba wa dharura wa mitambo ya megawati 100 uliopewa kampuni ya Richmond ukageuka kashfa iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Sisi visiwani tuliyasikiliza hayo redioni kama watazamaji. Mwezi Mei mwaka huohuo zamu yetu ikafika. Tarehe 21 umeme kutoka Bara ulikatika, na Unguja nzima ikakaa bila umeme wa gridi hadi katikati ya Juni. Kisha Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani, na Mji Mkongwe ukajaa jenereta. Kila kichochoro na moshi wake, kila duka na mngurumo wake.

Dakika mbili za inittab hapo hazina maana yoyote. Hata killpower haina maana. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya kukatika kwa muda zilikuwa sasa zinachunga ofisi inayoishi kwa jenereta kwa saa nne za asubuhi na saa tatu za jioni, kwa kadiri mafuta yalivyopatikana. Na hapo likazuka jambo ambalo wengi walidhani ni ubovu wa UPS: jenereta linanguruma, taa zinawaka, feni inazunguka, lakini UPS inakataa. Inapiga mlio kama vile hakuna umeme. Inaingia kwenye betri, inatoka, inaingia, mpaka betri inakwisha huku jenereta likiwa linafanya kazi.

Sanduku lisilo na programu halitakwambia kwa nini. Ukiwa na NUT unatoa amri ya upsc na unasoma. Masafa, ambayo kwa umeme wa gridi hukaa 50, yalikuwa yakipanda na kushuka kila mtu alipowasha pasi ofisi ya pili. Jenereta dogo la petroli halitoi umeme uliotulia, na Smart-UPS, iliyotengenezwa kulinda vifaa dhidi ya umeme mchafu, ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa: ilikuwa ikikataa uchafu. Dawa ilikuwa katika mpangilio mmoja uitwao sensitivity, ambao kiwandani huwekwa juu. Unaushusha uwe low. Unashusha na kikomo cha volti cha chini, na UPS inakubali kula ilichopewa. Hakuna kitabu cha APC kilichoandikwa kwa ajili ya kichochoro cha Mkunazini mwaka 2010, lakini herufi s ilikuwamo katika itifaki tangu zamani, ikingoja.

Mpangilio wa pili uliotuokoa ni ule ambao apcupsd inauita RETPCT: betri ifike asilimia ngapi kabla UPS haijairudishia seva umeme. Kiwandani ni sifuri, yaani umeme ukirudi tu, washa. Umeme unaorudi baada ya siku nyingi haurudi mara moja. Unarudi, unakaa dakika kumi, unaondoka, unarudi kwa volti za ajabu, unaondoka. Seva inayoamka mara ya kwanza inaamka na betri tupu chini yake, na kukatika kwa pili kunaikuta haina ngao, diski zikiwa katikati ya kuandika. Tukapandisha hadi 50. Umeme wa jenereta ukaja, taa zikawaka, na seva ikabaki kimya muda mrefu baadaye, jambo lililomkera sana mhasibu wetu.

“Mwanangu, umeme umerudi na mashine yako imelala. Niibonyeze?”

“Usiibonyeze, bibi. Inangoja betri.”

“Inangoja betri, nami nangojwa na watu na mishahara yao.”

Alikuwa na haki yake. Aliniandikia hata barua.

Katika miezi hiyo kumbukumbu za UPS zilinionyesha na mambo yasiyokuwa ya umeme. NUT ina chombo kiitwacho upslog kinachoandika kila baada ya muda tarehe, saa, asilimia ya betri, volti za ukutani, mzigo, hali na masafa. Asubuhi moja, seva ilipoamka, nikaona betri imeshuka mno kuliko ilivyokuwa katika mstari wa mwisho wa jioni, ingawa seva ilikuwa imezimwa usiku kucha. Nikafuata waya. Nyuma ya sanduku, kwenye tundu lililobaki, palikuwa na kigawanyio, na kwenye kigawanyio chaja za simu za mtaa mzima, zimepangwa kwa mpango mzuri na vikaratasi vya majina. Mlinzi hakukana. Alisema betri iliyokaa bure usiku ni israfu.

Mafaili hayo ya upslog bado ninayo, na kwa mwanahistoria ni mali. Magazeti ya zama zile yatakwambia siku umeme ulipokatika na siku uliporudi. Upslog inakwambia ulirudi vipi: volti 171 saa moja ya magharibi kila nyumba ilipowasha, 248 saa tisa ya usiku kila nyumba ilipolala, na namna Ramadhani inavyoonekana katika safu ya namba, volti zikizama saa za kufuturu, zikizama tena kabla ya daku. Mwaka 2013 ulipoanza kutumika waya mpya wa baharini wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani, mzamo ule wa jioni unaonekana ukipungua. Hakuna aliyeitunga kumbukumbu hii. Ni sanduku lililokuwa likiulizwa swali moja usiku na mchana.

Mengine yalikwenda haraka. Mwishoni mwa 2001 mfumo wa mafaili wa ext3 uliingia rasmi katika Linux, na mashine iliyokatikiwa umeme ikaacha kutulaza macho ikikagua diski nzima kabla ya kuamka. Tangu hapo kuna waliodhani UPS haihitaji tena kuchungwa, na diski zao zikawafundisha. Waya wa siriali ukaondoka, ukaja wa USB, na ugomvi wa umiliki wa tundu ukahama nao. Kroll aliiachia NUT mwaka 2005, ikashikwa na Arnaud Quette, baadaye Jim Klimov. Viendeshi vya masanduku ya bei nafuu vikabadilishwa jina tena na tena, fentonups, megatec, blazer, mpaka vikakusanywa katika kimoja, nutdrv_qx. Mwaka 2022 lilitoka toleo la 2.8.0, na Agosti ya mwaka huo lugha ambayo vipande vya NUT huzungumza baina yao, kupitia poti 3493, ikaandikwa na Roger Price kuwa RFC 9271. Apcupsd haijatoa toleo jipya tangu 2016, na bado inafanya kazi niliyoipa.

Vijana ninaofanya nao kazi sasa hawanunui UPS. Wananunua inveta ya sola, paneli juu ya bati, betri za lithiamu ukutani, na ofisi inabaki na umeme mtaa mzima ukiwa gizani. Mmoja wao aliniita nimsaidie kuisoma inveta yake kutoka kwenye Linux. Ina skrini ya rangi na programu ya simu, lakini programu ya simu inataka intaneti, na intaneti ilikuwa imekatika. Nyuma ina tundu la siriali. Tukachomeka, tukaweka mwendo wa 2400, tukatuma amri ya QPIGS, na ukaja mstari unaoanza na mabano. Volti za ukutani, masafa, volti zinazotoka, asilimia ya mzigo. Nikamwambia avute kiti.